UZI: Ini la mbuzi, mbwa wa boma na uvimbe wa maji kule Turkana

#1 MzeeWaKichinjio

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa dawa za minyoo kuna mdau aliuliza kama kuna minyoo ambayo vile vidonge vya shuleni haviigusi. Nikamjibu ipo, nikaahidi kuifungulia uzi wake. Nimeandika siku nne kwenye simu, mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe.

Mimi ni afisa mifugo mstaafu, mzaliwa wa Kitale. Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, nimekaa miaka kumi na minne, mingi ikiwa upande wa Kakuma na Lokichoggio. Nilianza na ukaguzi wa nyama, nikamalizia kwenye mradi mmoja wa mbwa ambao jina lake naliacha.

Mnyoo wenyewe ni tegu wa mbwa, wataalamu wanamwita Echinococcus granulosus. Ukisikia tegu unafikiria yule mrefu kama utepe wa fundi cherehani. Huyu hazidi milimita saba. Mara ya kwanza nilipopasuliwa mbwa mbele yangu nilidhani utumbo umemwagiwa ufuta. Maelfu kwa maelfu, wamejishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Na yule mbwa alikuwa mzima kabisa, manyoya yanang'aa, asubuhi yake alinifukuza.

Mayai hutoka na kinyesi. Mbuzi akiyala majanini, kitoto cha mnyoo kilichomo ndani ya yai hupenya utumbo, husafiri na damu mpaka kwenye ini au mapafu, na hapo hujijengea kifuko cha maji. Binadamu akiyameza ni hivyo hivyo. Kifuko kinakua polepole kwa miaka, mtu haumwi chochote, mpaka siku moja tumbo la binti wa miaka kumi na tisa linaonekana kama la mjamzito na majirani wanaanza kuuliza mwanamume ni nani. Hilo nimelishuhudia mara mbili. Kifuko kikipasuka ndani, mwili unaweza kupata mshtuko na mtu akafa palepale, na hata akipona, vitoto vilivyomwagika vinaota vifuko vipya.

Sasa mbwa akila ini la mbuzi lenye kifuko, baada ya wiki sita hivi naye anataga mayai. Mzunguko ndio huo.

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, hesabu za hospitali zilionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana watu 220 kwa kila 100,000 walikuwa wanagundulika na ugonjwa huu kwa mwaka. Duniani kote hapakuwa pameandikwa idadi kubwa kama hiyo. Mwaka 1983 AMREF, lile shirika la afya la Nairobi, wakaanzisha mpango wa kuudhibiti: upasuaji, elimu, dawa ya prazikuanteli kwa mbwa, na mashine ya ultrasaundi ya kubeba ambayo ilifuata watu bomani. Katikati ya miaka ya 1980 waliopimwa upande ule, 5.6% walikutwa na vifuko. Upimaji wa 2010 na 2011 ulitoa kati ya 1.9% na 3.8%. Umeshuka, hilo halina ubishi. Lakini kufikia hapo karibu miaka thelathini ilikuwa imepita na bado upo, na hapo ndipo nataka tujadili.

Hoja yangu ni hii. Miradi mingi niliyoiona, wa kwangu ukiwemo, ilihangaika na mbwa na mama. Mbwa apewe kidonge, mama aambiwe asimwache mbwa amlambe mtoto. Aliyeshika kisu tulimsahau. Mbuzi anachinjwa chini ya mti wa ewoi, kijana anapasua, anatoa ini, anaona lina malengelenge meupe kama macho ya samaki aliyepikwa. Anakata kile kipande kibaya. Anakirusha nyuma yake bila hata kugeuka, na kabla hakijagusa mchanga mbwa ameshakidaka. Nimeiona picha hiyo mara nyingi sijui idadi. Sikumbuki semina hata moja tuliyomwitia yule kijana.

Karibuni.

#2 kaka_wa_Tandale

Shikamoo mzee. Swali la mtu asiyejua: kwa hiyo mimi nikila ini ambalo halijaiva vizuri, lina hivyo vifuko, ndiyo nimekwisha? Maana maini ya kwenye jiko la mkaa mengine hata hayajui kama yalipita motoni 😂

#3 MzeeWaKichinjio

Marahaba mwanangu. Hapana, na hapa ndipo wengi wanapotea, hata wengine waliosomea. Kifuko cha kwenye ini hakikuambukizi wewe. Kinamwambukiza mbwa. Wewe unaambukizwa na mayai yanayotoka kwa mbwa: mikono uliyomshikia, maji ya kisima alichochafua, mboga, mtoto anayetambaa alipolala mbwa. Ini baya ukilila utapata shida nyingine za ini bichi, siyo hii.

Ndiyo maana mchinjaji haoni ubaya. Yeye amekula nyama ile maisha yake yote na hajaumwa. Ukimwambia ini hili ni hatari anakutazama tu. Hatari yake inapita kwanza tumboni kwa mbwa, halafu inarudi kwa mdogo wake baada ya miaka kumi. Nani ataunganisha hayo mawili kwa macho?

#4 MpwaniHalisi

Sisi huku Lamu mbwa ni najisi, akikulamba unaosha mara saba, moja yake kwa udongo. Naona hili halituhusu 😄

#5 MzeeWaKichinjio

@MpwaniHalisi mkono utauosha, sawa. Machinjioni kwenu matumbo yanatupwa wapi, na nani anazurura pale usiku? Mbwa asiye na mwenyewe ni mbaya kuliko mwenye mwenyewe, maana hakuna wa kumpa dawa. Ila nakubali, kule kutomkaribisha mbwa ndani kunasaidia sana.

#6 NyotaYaKibish

Mzee nakusalimu. Mimi ni Mturkana, nimezaliwa Lokitaung, mama yangu alipasuliwa akatolewa vifuko vitatu. Nataka niseme la mbwa kulamba mtoto, kwa sababu kila anayeandika kuhusu sisi analianza hilo kama kichekesho.

Mtoto akiharisha, mbwa anaitwa anamsafisha. Kweli. Mimi mwenyewe nimesafishwa hivyo. Lakini jiulizeni maji yalikuwa wapi. Mama yangu alikuwa anatoka gizani, anachimba kwenye mchanga wa mto mkavu, anasubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe, anarudi jua limewaka na mtungi mmoja. Mtungi huo ni wa kunywa watu saba na watoto wa mbuzi. Nani angemwaga maji hayo kwenye makalio ya mtoto? Mbwa alikuwa yaya, alikuwa mlinzi, alikuwa sabuni. Yule mbwa wetu fisi alimng'oa sikio akitulinda.

Halafu wakaja watu wa gari wakasema mbwa ni wengi, wapunguzwe. Baba alimficha mbwa kwenye kibanda cha vitoto vya mbuzi akamfunika na ngozi. Baada ya siku hiyo, gari lolote likionekana vumbi lake kwa mbali, mbwa wote wa adakar yetu, yaani kundi la familia zinazohama pamoja na mifugo, walikuwa wanapelekwa mlimani. Hata gari la chanjo.

#7 MzeeWaKichinjio

Dada Nyota, hilo la mwisho limenichoma kwa sababu naijua hali hiyo kutoka upande wa pili. Tulikuwa tunafika na vidonge, tunakuta boma lina bakuli la mbwa lakini mbwa hakuna. Tunaandika kwenye daftari "mbwa 0". Ofisini wanasoma sifuri wanafurahi.

#8 Bosi_Nairobi

Na mniwie radhi lakini si suala la usafi tu? Serikali ichimbe visima, watu waoge, mbwa wakae nje. Mbona tunazunguka sana.

#9 MuuguziWaZamu

@Bosi_Nairobi visima ni sawa, lakini kisima peke yake kinaweza kuwa ndipo penyewe pa kuambukizwa. Hebu nieleze. Jua la Turkana linaua mayai haya haraka sana pale nje kwenye mchanga mkavu. Yanapodumu ni kwenye kivuli na unyevu: ndani ya kibanda anapolala mbwa na mtoto, na kwenye tope la kando ya kisima ambapo mbwa, mbuzi na watu wanakutana. Wanawake ndio wanaokaa sehemu hizo mbili, na takwimu za Turkana tangu zamani zimekuwa zikionyesha wanawake wanaugua kuliko wanaume. Kwa hiyo ukichimba kisima, weka na birika la mifugo mbali na bomba la watu. La sivyo umewasogezea karibu.

Mimi nimekuwa kwenye timu ya ultrasaundi. Tunafunga mashine kwenye betri ya gari, mgonjwa analala kwenye meza ya kukunja chini ya mti. Jua linafuta picha yote kwenye kioo, huoni kitu. Kwa hiyo daktari na mashine wanaingia chini ya shuka nyekundu la mtu, mgonjwa kichwa nje, na foleni nzima inasubiri kuona atatoka na uso gani. Kifuko kichanga kinaonekana cheusi, duara safi. Kilichokomaa kina vitoto ndani, kama zabibu kwenye mfuko. Kilichokufa kinakuwa kigumu cheupe kama chokaa.

Na si kila kifuko kinapasuliwa, watu wanashangaa nikisema hivyo. Kilichokufa tunakiacha, tunakitazama kila mwaka. Vidogo vinapewa albendazole kila siku kwa miezi, siyo kile kidonge kimoja cha shuleni. Vingine vinachomwa sindano ndefu kwa kuongozwa na picha: unavuta maji, unaingiza maji ya chumvi kali au spiriti kuua vitoto, unasubiri, unavuta tena. Na dawa za kuzuia mshtuko ziko mezani kabla hujagusa sindano. Vikubwa vyenye vitoto ndivyo vya kisu.

Tatizo letu ni miezi ya albendazole. Mgonjwa anahama na mifugo wiki ya tatu, anavuka kwa Watoposa Sudan Kusini au anapanda mpaka wa Uganda, na damu yake na ini lake vilitakiwa vipimwe wakati anameza. Unamwona tena baada ya mwaka na nusu, anakurudishia kopo lina vidonge nusu, amekitunza vizuri, kifuniko kimefungwa na uzi.

#10 kaka_wa_Tandale

Kopo limefungwa na uzi 😔 Na mbwa je, dawa yake inaenda muda gani?

#11 MzeeWaKichinjio

Prazikuanteli dozi moja inasafisha mbwa, lakini haimkingi. Kesho akila ini bovu anaanza upya. Na kwa kuwa mnyoo anahitaji kama wiki sita kuanza kutaga, kwa hesabu za vitabuni unatakiwa umrudie kila wiki sita, mara nane au tisa kwa mwaka, mbwa wote. Sasa mwambie hayo mtu ambaye adakar yake ilikuwa Lokichoggio mwezi wa tatu, na mwezi wa tano iko mpakani na Ethiopia. Tulikuwa tunaviringisha kidonge kwenye mafuta ya mkia wa kondoo. Mbwa mjanja anakula mafuta, anatema kidonge, anakutazama. Uchunguzi wa mbwa uliochapishwa mwaka 2006, ndani ya eneo lile lile lililokuwa la mpango wa zamani, bado uliwakuta kama robo wana minyoo.

Jingine ambalo halisemwi: kidonge kinaua mnyoo, hakiui mayai. Kinyesi cha siku za mwanzo baada ya dawa kinatakiwa kizikwe. Nani alizika? Sisi tulipanda gari tukaondoka.

#12 MoraniMstaafu

Natokea Loliondo, Ngorongoro. Mnayosema ni kwetu kabisa, badilisheni tu jina la mti. Wamasai ugonjwa huu tunao, ingawa waliopima zamani walisema sisi tulikuwa chini sana ya Waturkana, kama mtu mmoja kwa mia. Nafikiri ni kwa sababu mbwa wetu hana kazi ya yaya. Lakini orpul, ile kambi ya kula nyama, ikifika, vijana wamekaa porini wiki nzima wanachinja, mbwa wako hapo wanasubiri, na hakuna mama wala daktari anayeona. Mzee umesema kweli kuhusu mwenye kisu. Mimi nilikuwa huyo kijana. Nilirusha mapafu mengi sana.

#13 MbongoUghaibuni

Niko Copenhagen, nimesomea mifugo hapa. Ngoja niwape kisa ambacho hapa tunafundishwa. Karne ya 19 Iceland ilikuwa na ugonjwa huu kupita kiasi. Mwaka 1863 Mdenmark mmoja, Harald Krabbe, alikwenda huko akapasua mbwa 100, akakuta 28 wana tegu huyu. Alichofanya ni kuandika kijitabu chepesi cha kueleza mzunguko, kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba kuanzia 1864. Watu wa kule walikuwa wanajua kusoma, tena jioni za baridi ni ndefu. Baadaye zikaja sheria za mbwa. Karne ya 20 ikaumaliza. Tasmania na New Zealand nao waliumaliza, lakini kwa miongo mingi na kwa sheria kali.

Ila kuna jambo la Iceland ambalo wahadhiri wanalipitia haraka: ufugaji wenyewe ulibadilika. Walianza kuchinja wanakondoo wadogo, na kuchinjia kwenye machinjio. Mwanakondoo hajapata muda wa kukuza kifuko. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kijitabu ndicho kilichoshinda.

#14 MzeeWaKichinjio

Mdogo wangu hapo umegusa penyewe. Iceland, Tasmania na New Zealand ni visiwa, mbwa wa jirani haji kwa miguu. Turkana ina nchi tatu zinazoipakana na mbwa hana pasi. Na la umri ni kubwa: Mturkana hachinji mbuzi mdogo bila sababu, mbuzi ni benki. Anayechinjwa ni yule kikongwe aliyeshindwa kutembea, na ini lake ndilo lenye vifuko vilivyokomaa. Mbuzi mzee, njaa kali, mbwa kumi. Huwezi kupanga mtego mzuri zaidi ya huo.

#15 Bosi_Nairobi

Nimesoma vizuri, nafuta kauli yangu ya juu kuhusu kuoga. Lakini chanjo je? Hakuna chanjo?

#16 MbongoUghaibuni

Ipo ya kondoo na mbuzi, inaitwa EG95, ilitokana na kazi ya Marshall Lightowlers wa Australia. Río Negro, Argentina, walianza kuitumia 2009 kwenye jamii za Wamapuche, wafugaji wa kondoo walioko mbali kabisa na mji. Maambukizi ya kondoo yalishuka. Lakini dozi ni mbili kwa mwanakondoo, zikipishana kama mwezi, na nyingine akitimiza mwaka. Na kondoo wakubwa wenye vifuko tayari haiwasaidii, unasubiri wafe. Kwa hiyo unazungumzia miaka, na mtu wa kurudi boma lile lile mara tatu.

#17 MzeeWaKichinjio

Siipingi chanjo. Ila mimi ningeanza na kitu kisichohitaji gari. Na tafadhali msiniambie "wazike matumbo". Tulisema hivyo miaka yote. Ardhi ya kule ni mawe, jembe hakuna, na mtu ametoka kuchinja jua limezama. Akichimba ni shimo la shibiri mbili, mbwa anafukua kabla ya usiku wa manane.

Watafiti wa China walijaribu kuchemsha maini na mapafu ya kondoo yenye vifuko, wakakuta dakika thelathini za kuchemka zinaua vitoto vyote. Nusu saa. Baada ya hapo mpe mbwa ale, hakuna shida. Hili nalipenda kwa sababu halimnyimi mbwa chakula chake. Ushauri unaomtaka mtu amlaze mlinzi wake njaa hautafuatwa, uwe umeletwa na daktari au na emuron, mganga na mwaguzi wa Kiturkana.

#18 MuuguziWaZamu

Kuni, mzee. Nusu saa ya moto kwa ajili ya mbwa?

#19 MzeeWaKichinjio

Moto wa nyama ya watu si unawaka tayari? Sufuria kuukuu pembeni, juu ya makaa hayo hayo. Nakubali siku ya njaa nyingi au wakiwa safarini haitawezekana. Sijasema ni dawa ya kila siku.

#20 NyotaYaKibish

Wiki ijayo naenda nyumbani, kaka yangu mdogo ndiye mwenye kisu siku hizi. Nitajaribu niwaambie.

#21 MoraniMstaafu

Tunasubiri dada. Akikukatalia mwambie Mmasai amesema.

#22 NyotaYaKibish

(baada ya siku kumi na moja)

Wadau nimerudi kwenye mtandao. Alichinjwa mbuzi mzee, kama mzee alivyosema, ameshindwa kutembea. Ini lilikuwa na vifuko vinne, kimoja kikubwa kama yai la kanga. Kaka akainua mkono arushe, nikamshika. Akacheka sana, akawaita wenzake: njooni muone, dada amesoma mpaka mbwa wanapikiwa. Nikatoa sufuria ya mama iliyotoboka mkono, nikaweka.

Mama ndiye aliyewanyamazisha. Alifunua nguo akawaonyesha kovu lake, halafu akanyoosha kidole kwenye ini. Hakusema kitu kingine.

Mbwa alikuja akanusa sufuria, akaondoka amekasirika. Usiku nikamsikia amerudi anailamba.

#23 MzeeWaKichinjio

Ubarikiwe. Ulichemsha muda gani?

#24 NyotaYaKibish

Sikuwa na saa mzee, simu ilizima chaji. Nilichemsha mpaka wazee wakamaliza kunywa chai na kaka akaacha kunicheka.

#25 MzeeWaKichinjio

Kwa chai ya wazee wa Lokitaung ninaowajua mimi, hiyo ni zaidi ya nusu saa.